Betri za Maji

Siku ile duka la vifaa vya sola lilikuwa limefurika, watu wamebanana mbele ya kaunta utadhani vitu vinagawiwa bure. Akaingia mwanamke wa gauni la njano, amekumbatia betri ya gari, jasho linamtiririka. Akaitua kauntani kwa kishindo.

"Hiki nini nilichouziwa? Umeme umekatika kwa saa chache tu, mayai mia mbili ya vifaranga yameniharibikia mashineni!"

Fundi wa duka, mwanamume mrefu wa ovaroli ya buluu, akaitazama betri, kisha akamtazama mwenye betri, na hapo akakawia.

"Dada, hii si yetu, tena ni ya gari. Kazi yake kuwasha injini, basi. Mashine ya kutotolea vifaranga inataka betri ya sola, inayovumilia kutoa umeme kidogo kidogo kutwa nzima. Na hata hiyo usiinyonye kupita nusu."

"Haya, mjuaji, nichagulie. Ukikosea, vifaranga wafu nakuletea hapa hapa."

Rafuni kulikuwa na betri kavu, zilizozibwa kabisa, na betri za maji, ambazo kila mwezi hufunguliwa vifuniko zikaongezwa maji safi. Bei ilikaribiana. Kwa mwanamke anayehangaika peke yake, kavu ndizo zilizofaa, na fundi alilijua hilo vizuri. Akamfungia nne za maji.

"Maji nitakuja kuongeza mwenyewe. Bure."

Akaja na galoni. Mwezi wa pili akaja na galoni na shati lililopigwa pasi. Baadaye hakungoja tena mwezi uishe.

"Haloo, Mama Vifaranga! Betri zangu hazijambo?"

"Hazijambo. Na mwenye betri je, huniulizi?"

"Wewe nakuja kukuuliza ana kwa ana."

"Njoo basi, mpenzi, kabla maji hayajakauka."

Walikuwa wameshapanga siku ya fundi kwenda kujitambulisha kwa mama wa mwanamke, alipofika kaka mtu kumtembelea dada yake. Naye alikuwa fundi umeme. Akachungulia betri, akacheka.

"Nani kakuuzia hizi? Kavu zimejaa madukani! Kakupiga changa la macho huyo, mwepuke maisha."

Dada akapiga simu pale pale.

"Siku ile betri kavu zilikuwepo?"

"Zilikuwepo."

"Zingenifaa?"

"Zaidi ya hizo. Lakini mpenzi, nisikilize..."

"Nilikuja kwako nalilia riziki yangu, ukanichezea! Usikanyage kwangu tena."

Fundi, kwa kiburi chake cha kijinga, akangoja aitwe. Mwanamke naye akangoja aombwe radhi. Miezi minne. Kuongeza maji ni kazi ya dakika kumi, lakini kila aliposhika galoni aliyoiacha fundi machozi yalimjaa, akairudisha pembeni.

Asubuhi moja umeme ukakatika. Betri zikahimili nusu saa, zikazima. Mayai mia tatu, mengi yameshatobolewa na midomo midogo kutoka ndani. Hadi jioni kugonga kote kulikuwa kumekoma.

Kesho yake akampigia fundi. Akaja mbio, akafungua vifuniko, akakuta mabamba ya ndani yamekauka kabisa. Akakaa chini sakafuni.

"Nilitaka sababu ya kurudi kwako. Ndiyo maana nikakupa za maji."

"Si ungesema tu? Ningekukaribisha bila betri."

"Nisamehe, mpenzi."

"Nimekusamehe. Tena nakupenda bado, Mungu ananiona. Ila nikikutazama nawasikia wanagonga maganda. Niletee zile kavu, unifungie."

Akazileta siku hiyo hiyo. Alizifunga kwa uangalifu kuliko kazi yoyote aliyowahi kufanya, akakaza nyaya, akafuta hata vumbi.

"Nani atakuja kuziangalia?" akauliza mwanamke.

Fundi akakusanya spana zake, akaokota na galoni yake.

"Hakuna. Hizi hazihitaji mtu kuja."

"Ahsante," akasema mwanamke, akamfungulia mlango.