Protini ya Matiko

Ilianza kwa kukanyagana. Soko la Migori lilikuwa limefurika siku hiyo ya mwaka 1996. Matiko, fundi wa redio mwenye shati jeupe lililopigwa pasi, alirudi nyuma kupisha mkokoteni, akamkanyaga Mokeira, binti wa Kisii muuza mayai.

"Kwani mguu wangu ni barabara?" Mokeira akauliza.

"Pole, dada. Niuzie mayai sita basi, unisamehe."

Kesho yake akarudi, na keshokutwa. Mayai sita kila siku, miezi mitatu mizima. Jamani, nani hula hivyo kwa njaa tu? Mokeira alijua anapendwa, naye akapenda, na mara mbili akalala kwa Matiko bila kumwambia mtu. Siku moja akamtania.

"Wewe utaanza kutaga. Si ungesema tu unanitaka?"

"Nakutaka, mpenzi. Lakini mayai ni ya daktari. Alisema nimekosa protini."

Helen, muuza dagaa wa omena kwenye meza ya pili, alisikia. Matiko alipoondoka, akasogea.

"Yawa, achana na huyo. Watu wanaambiwa wakule protini ni wale wako na ile ugonjwa. Shemeji yangu alianza hivyo hivyo."

Ukimwi ndio aliomaanisha, na mwaka huo majeneza yalipita barabarani kila Ijumaa. Mokeira alihesabu zile siku mbili alizolala kwa Matiko, akazihesabu tena, na siku nne hakufika sokoni. Matiko akapiga simu kwenye duka la jirani yake Mokeira, akaomba aitwe.

"Mpenzi, nimekukosea nini?"

"Una ukimwi, Matiko?"

"La. Nani amesema?"

"Niapie."

"Naapa. Ni mbegu zangu za uzazi. Daktari wa Homa Bay alisema kuna protini ya kuzikomaza, na mimi sina. Ndiyo maana nakula mayai."

Mokeira akalia kwa kushukuru kwanza, nisimsingizie. Kisha hofu ikarudi kwa mlango mwingine: je, watapata watoto?

Jumatatu wakaenda Homa Bay pamoja. Daktari, mama mwenye miwani, aliposikia habari za mayai akavuta pumzi.

"Si protini ya sahani, kijana. Hii mwili hujitengenezea wenyewe, ndani ya korodani. Bila hiyo mbegu hazikomai. Hata ule kuku na banda lake, haitakuja."

"Na dawa?" Matiko akauliza.

"Kwa sasa hakuna."

Nje, Matiko hakuweza kumtazama usoni. "Nenda zako, Mokeira. Sitakulaumu."

"Uliniambia uliwahi kuoa. Mke wako wa kwanza aliondoka kwa nini?"

"Mama alimfukuza. Alimwita tasa."

"Na wewe ulisema nini?"

"Sikusema kitu."

Hapo ndipo Mokeira alipoogopa kuliko siku zote. Alijiona ndani ya boma la mama huyo, anatukanwa, na mwanamume huyu ameinamisha kichwa.

"Nakupenda," akamwambia, "lakini nakuogopa."

Ijumaa mama yake Matiko akaja sokoni, amejifunga leso mpya, kumtazama binti ambaye habari zake zilikuwa zimemfikia. Matiko alikuwa nyuma yake, shati limelowa jasho. Mama akampima Mokeira kiuno kwa macho, pale pale mbele ya wateja.

"Huyu ana mwili wa kuzaa. Si kama yule tasa wetu."

Mokeira akamtazama Matiko. Helen akaacha kupima omena.

"Mama, yule hakuwa tasa," Matiko akasema.

"Unasema nini wewe?"

"Ni mimi. Mimi ndiye nisiyezaa, daktari ameniambia. Nikimwoa Mokeira, habari za watoto usimuulize yeye. Niulize mimi."

Soko lote likawageukia. Safari hii Matiko hakuinamisha kichwa; alimtazama mama yake usoni.

Mokeira akazunguka meza, akamshika Matiko mkono, akavuta kigoda kwa mguu.

"Keti, mama," akasema. "Mimi ndiye mkwe wako."