Aliyefutwa Kwenye Kontroli Boksi

Kilichoanza ni harufu. Hamoudi, fundi umeme wa magari, alipoifungua kontroli boksi ya gari la mteja wake Bwanausi uani kwake Bagamoyo, alipigwa na harufu ya udi, kama amefungua chumba cha bi harusi.

Hakujali. Gari lilikuwa likijizima njiani, na dawa yake ilikuwa kuipanga upya boksi hiyo, kompyuta inayoendesha injini. Akaunga chaja kwenye betri, umeme usije ukakatika katikati, akanakili programu ya zamani kwenye laptopu, kisha akaanza kuingiza mpya.

Ilipofika nusu, redio iliyozimwa ikakohoa.

"Usinifute," ikasema sauti ya mwanamke.

Miza, mkewe, akaacha kuanua nguo. "Hamoudi! Nani huyo?"

"Sijui. Nikikatisha sasa, boksi inakufa."

"Na ife! Zima, mume wangu, nakuomba!"

Hakuzima. Kazi ilipokamilika gari likanguruma vizuri kuliko jipya, na Miza akaanguka palepale juu ya nguo zake.

Tangu hapo Miza hakula wala hakusema, akawa amekaa tu kitandani ameukazia macho ukuta, na kila alipopumua chumba kizima kilinukia udi, na Hamoudi alipomshika mkono aliusikia ukitetema chini ya ngozi, mtetemo wa injini iliyoachwa ikiunguruma, mpaka mwenyewe akawa anaogopa kuingia chumbani kwa mkewe.

Akamwita Shehe Shamsudin. Shehe akasoma, akapuliza, akauliza taratibu, "Mja huyu wa Mungu amekukosea nini?"

"Mumewe kanivunjia nyumba," Miza akajibu kwa sauti isiyo yake. "Anirudishie."

"Usimpe," shehe akanong'ona. "Niache nisome mpaka atoke."

Lakini damu ilikuwa ikimchuruzika Miza puani. Hamoudi hakuweza kungoja. Akakimbilia uani, akairudisha ile programu ya zamani. Ndani, Miza akaomba maji.

Bwanausi alipokuja kuchukua gari, Hamoudi alimweleza yote, hakumficha kitu. Bwanausi akacheka mpaka akajifuta machozi.

"Fundi, sema tu umeshindwa."

Akapanda, akaliondoa. Pale getini gari likasimama. Mlango wa abiria ukafunguka wenyewe, ukajifunga polepole, Bwanausi angali ameshika usukani kwa mikono miwili, kicheko kimemkauka. Kisha likaenda zake. Hamoudi akabaki amesimama, asijue kama kuna aliyepanda au aliyeshuka.

Nyuma yake, jikoni alikokuwa peke yake, Miza akasema, "Waalaykumu salaam. Karibu ndani."