Yai Bichi Ndani ya Roketi

Mazoon binti Harub hakuwa na kaka wa kumsaidia kukata mbao. Hakuwa na kompyuta nyumbani, wala meza yake mwenyewe. Alisomea kwenye meza ya chakula baada ya vyombo kuondolewa. Hakuwa na urefu wa kufikia rafu ya juu ya maktaba ya shule, na katika sayansi hakuwahi kushika namba ya kwanza. Zaidi ya yote, hakuwa na kitu ambacho bibi yake alikipenda sana kwa watoto, nacho ni uwezo wa kunyamaza.

Waliishi Al Hail, Maskati, katika nyumba nyeupe isiyo mbali na bahari. Kila asubuhi Mazoon alikunywa chai ya maziwa, akachukua mkoba wake wa vitabu, akairuka shanta, begi dogo la ngozi la bibi yake, Bibi Masouda, lililokaa nyuma ya mlango, kisha akatoka kungoja basi la shule. Shanta ile ilikuwapo tangu kabla hajazaliwa. Watu wa nyumbani waliiruka tu, hakuna aliyeuliza ina nini.

Mwezi wa Februari mwaka 2003, televisheni ilionyesha chombo cha anga cha Marekani kikikatika vipande kilipokuwa kikirudi duniani. Wanaanga saba walikufa. Bibi Masouda alisema Mungu apishe mbali, akazima televisheni. Mazoon akabaki na swali lake: hivi watu wale hawakuwa na njia ya kutokea?

Siku iliyofuata alimwomba Aseel, rafiki yake mrefu, amteremshie ensaiklopidia. Habari ya ajali ile hakuipata humo, lakini alipata jambo jingine. Alisoma kwamba baadhi ya roketi zinazobeba watu huwekewa kileleni mnara mwembamba wenye roketi yake ndogo. Roketi kubwa ikiharibika wakati wa kuruka, ile ndogo huwaka, ikakivuta chumba cha wanaanga na kukipeleka mbali na moto, kisha mwavuli hufunguka na kukishusha taratibu. Mwaka 1983 wanaanga wawili wa Kisovieti waliokolewa hivyo hivyo, roketi yao iliposhika moto kabla haijaondoka ardhini.

Shule yao ya wasichana ilikuwa ikiandaa maonyesho ya sayansi, na kazi bora ingependekezwa kwa maonyesho makubwa ya mji. Mazoon na Aseel wakaomba bomba la karatasi ngumu kwenye duka la vitambaa, wakalifanya roketi. Kikopo cha mtindi kikawa chumba cha wanaanga, na yai bichi likawa mwanaanga. Chini ya kikopo waliweka springi. Roketi ikiinama, uzi ulivuta pini, springi ikafyatuka na kukirusha kikopo mbali, mwavuli ukafunguka. Kwa vile hawakuweza kuwasha moto, springi ndiyo iliyofanya kazi ya roketi ndogo, lakini mnara wenyewe waliujenga juu kabisa, mwekundu, ili kila mtu auone.

Mudira, yaani mwalimu mkuu, hakuupenda. Aliwaambia wauondoe mnara, roketi isimame wima na kupendeza. Wazazi na wakaguzi wanakuja kutazama mafanikio, alisema, na si ajali. Aseel alikuwa tayari kuung'oa palepale. Mazoon akasema hapana. Alisema kwa adabu, mikono nyuma, lakini alisema hapana.

Aliyewaokoa ni mwalimu wao wa sayansi, Mwalimu Muhsina. Yeye alizaliwa Bujumbura, na darasani alisema Kiarabu kama walimu wenzake. Alipokuwa na neno la moyoni ndipo aliposema Kiswahili. Alimwomba Mudira awape nafasi ya kurusha mbele ya wageni: yai likifika chini salama, mnara ubaki na kazi yao ipendekezwe, likivunjika, waondoe meza yao. Mudira akakubali. Nje ya ofisi Mwalimu Muhsina alimshika Mazoon bega.

"Nimekupigania mlango, binti yangu. Kuupita ni kazi yako."

Nyumbani mambo yalikuwa magumu zaidi. Bibi Masouda aliwakuta wakirusha kikopo kutoka juu ya paa, ua mzima umejaa maganda na ute wa mayai. Mwavuli wao wa mfuko wa plastiki ulikuwa haufunguki. Bibi aliuliza ni mchezo gani huo, na Mazoon akamweleza: roketi inaharibika, watu wanatoka.

"We mtoto, usituchurie," alisema Bibi. "Roketi ya watu haijaruka, wewe ushaiunguza. Nnakukataza kuyataja mabaya ndani ya nyumba hii."

Mtoto mwingine angeinama akaomba radhi. Mazoon maneno yalikuwa yameshamfika mdomoni.

"Niwie radhi, Bibi. Kama mabaya hayatajwi, ile shanta nyuma ya mlango ya nini?"

Aseel alijifanya anaokota maganda. Bibi Masouda akageuka, akaingia ndani. Mazoon alijua amevuka mpaka, na pengine roketi yake imekwisha siku hiyo. Lakini Bibi alirudi na shanta mkononi, akaketi kwenye ngazi, akaifungua. Ndani mlikuwa na pasi za kusafiria, viatu vya kufungwa, tochi na kanga moja.

Akasema kwamba mwaka 1964, walipotoka Unguja, alikuwa msichana. Baba yake naye alikuwa hataki mabaya yatajwe. Jirani alipokuja kumwambia ajitayarishe, alimfukuza akisema anawachuria, yaani anawaitia mabaya. Usiku wa vurugu walitoka pekupeku, nguo zilizo mwilini tu.

"Ulimi wangu umerithi kwa baba," alisema, "lakini miguu yangu haijasahau. Chukua hii kanga. Ni kuukuu, ni laini, itafunguka upesi kuliko hilo lifuko lenu."

Waliikata kanga, wakaishona mwavuli. Wakagundua kwamba ikikunjwa taratibu, kunjo juu ya kunjo, nyuzi zake zikalazwa upande mmoja, hufunguka vizuri. Jioni ile yai lilifika chini zima, na Bibi akalikaanga.

Siku ya maonyesho, Jumatano, ua wa shule ulijaa wageni. Roketi iliwekwa ukingoni mwa roshani ya ghorofa ya pili. Zamu yao ilipokaribia, Mazoon alifungua kikopo akalitoa yai alitazame. Akalizungusha mezani kwa vidole. Lilizunguka kama pia, bila kuyumba. Yai bichi halizunguki hivyo.

Alimgeukia Aseel. Aseel akakiri kwa sauti ya chini kwamba amelichemsha nyumbani. Hakuna atakayejua, alisema, na la bichi likivunjika Mudira atawafukuza mbele ya watu wote.

"Mimi nitajua," alisema Mazoon. "Huyo mwanaanga wako ameshakufa kabla ya safari, Aseel."

Akachukua yai bichi kutoka kwenye trei waliyokuja nayo, akaukunja upya mwavuli. Waliitwa majina kabla hajamaliza. Aliukunja upesi, nyuzi zikalala hovyo, akafunga.

Aseel aliisukuma roketi. Ikainama, pini ikatoka, kikopo kikaruka juu ya vichwa vya wageni. Kanga ilifunguka nusu, nyuzi zikajisokota, kikopo kikaanguka kama jiwe. Ute wa yai ukatiririka kwenye saruji. Mtu mmoja akacheka. Mudira alikuwa ameshainuka, anamwashiria mfanyakazi aondoe meza. Aseel akanong'ona kwamba lile la kuchemsha lisingewaaibisha hivi.

Mazoon alishuka ngazi, akakiokota kikopo, akakiinua wageni wakione. Aliwaambia yai limevunjika kwa sababu yeye mwenyewe ameukunja mwavuli kwa haraka. Akawaonyesha nyuzi zilivyojisokota. Akasema kazi kama hii hujaribiwa duniani mpaka kosa lionekane, kwani huko juu hakuna wa kulisahihisha. Kisha akaomba arudie.

Mkaguzi mmoja akasema aachiwe. Mudira akaketi. Safari hii Mazoon alitia yai jingine bichi, akaukunja mwavuli mbele yao, kunjo juu ya kunjo, bila kuharakishwa na mtu, kisha akampandishia Aseel kikopo roshani. Kikopo kiliruka, kanga ya Bibi Masouda ikafunguka yote angani, ikashuka ikiyumba mpaka chini. Mazoon alilitoa yai, akalipasua kwenye bilauri, ute ukamwagika mbichi. Makofi yakapigwa, na aliyepiga kwa nguvu zaidi alikuwa bibi kizee mmoja wa safu ya nyuma.

Baada ya wageni kuondoka, waliitwa ofisini. Barua ya kuwapendekeza kwa maonyesho ya mji ilikuwa tayari, inangoja saini za wanafunzi. Ilisema chombo chao kilifanya kazi mbele ya wageni bila hitilafu yoyote. Aseel alichukua kalamu, akaisogeza karibu na karatasi, kisha akaiweka chini. Mazoon hakuigusa.

"Samahani, Mudira. Yai la kwanza lilivunjika. Hii siwezi kuitia saini."

Mudira alimweleza kwamba wakiandika hivyo huenda wakakataliwa. Mazoon akajibu kwamba wakikataliwa kwa kweli, wataunda kingine mwakani. Mudira alimtazama Mwalimu Muhsina kana kwamba anaomba msaada.

Mwalimu Muhsina alisema kwanza kwa Kiarabu, kwa ajili ya Mudira, kisha akarudia kwa Kiswahili, kwa ajili ya Mazoon. "Mtu anayeogopa kusema kwamba chombo chake kinaweza kuharibika, hatakiwekea njia ya kutokea. Na anayeficha kwamba kimeharibika, anamfungia ndani yule atakayepanda baada yake. Kusema ukweli ndiyo sehemu ya kwanza ya mnara ule, watoto wangu. Springi na kanga vinafuata."

Mudira akaisukuma karatasi upande wao. Mazoon akaukata ule mstari, akaandika juu yake kwa mwandiko wake: jaribio la kwanza mbele ya wageni lilishindwa kwa sababu ya kukunja kwa haraka; la pili lilifaulu. Akatia saini. Aseel akatia yake chini ya hapo. Mudira akaisoma tena barua, akaipiga muhuri wa shule, akaitia ndani ya bahasha. Aliilowanisha gundi, akaifunga, akampa dereva aipeleke mjini siku ileile.