Gita la Mfupa wa Asteria

Mikono minane myembamba kama sindano ilikuwa ikienda na kurudi ndani ya birika la kioo, na katikati yake mfupa wa binadamu ulikuwa ukiota. Mashine hiyo iliitwa Mfumi. Ilichukua chembehai chache za mgonjwa, ikazilisha, ikazizidisha, kisha ikazipanga safu kwa safu juu ya nyuzi laini za chokaa, kama mtu anavyosuka ukili. Aliyevunjika nyonga alifumiwa nyonga. Aliyezaliwa bila kidole alifumiwa kidole. Katika jiji la Ngerengere Mpya, mtu kusema anakwenda kufumiwa mguu halikuwa jambo la kumshangaza jirani.

Msimamizi wa Mfumi alikuwa Mhandisi Gaudensia Mkude. Kila mfupa ulipokamilika aliugonga kwa nyundo ndogo ya mpira na kusikiliza, maana mfupa wenye ufa hutoa mlio mfu, na mzima hulia safi. Vipimo vya kompyuta vilikuwepo, ila Gaudensia aliyaamini zaidi masikio yake. Nje ya kazi hiyo alikuwa fundi wa magita.

Miti ya kutengenezea ala ilipigwa marufuku kukatwa tangu enzi za bibi yake, kwa hiyo alitumia chochote kilichomjia mkononi: katani iliyoshindiliwa kwa gundi, paneli chakavu za umeme wa jua, madebe ya mafuta, vibuyu. Na alichokipenda kuliko vyote ni gita-kinubi. Hilo ni gita kamili lenye nyuzi zake sita, isipokuwa begani mwake huchomoza mkono wa pili uliobeba nyuzi nene za besi ambazo hakuna kidole kinachozibana. Ukipiga zile sita, zile nene hutetemeka zenyewe na kuitikia kwa chini. Anayepiga ni mmoja, lakini unasikia kundi zima. Gaudensia aliweza kukaa nalo jioni nzima akasahau kula. Tatizo ni kwamba yote aliyotengeneza yalikuwa na kasoro. La katani lilisikika kama mtu mwenye mafua, la paneli lilikuwa na makelele, na la madebe liliwafanya rafiki zake wacheke.

Ndipo alipoletwa Asteria Mlola.

Asteria alikuwa mnadi katika soko la mboga. Roboti ndizo zilizopakua, zikapima na kupanga, lakini wanunuzi walikataa kuuziwa na roboti. Walimtaka Asteria asimame juu ya kreti na kunadi nyanya kwa ile sauti iliyosikika hadi barabarani. Kisha uvimbe ukamla taya la chini. Madaktari waliliondoa lote, wakamfunga kitambaa usoni, wakampeleka kwa Mfumi ili afumiwe jingine.

Mfumi ilianza na kipande cha majaribio, kirefu kama kidole. Gaudensia alikigonga, akakaa akisubiri mlio uishe. Haukuisha upesi. Ulikuwa mzito, mtamu, ukizunguka ndani ya chumba kana kwamba unatafuta pa kutua. Aligonga tena. Alijikuta amefumba macho.

Siku hiyo hakufanya lolote. Kesho yake alirudi akakigonga tena, kisha akaketi mbele ya birika na kuchora bapa pana, jembamba, lenye kiuno.

"Mhandisi," Mfumi ilisema, "umbo hili si taya. Nilifume?"

"Lifume."

"Mgonjwa ameandikiwa taya. Chembehai zake za kwanza ndizo zenye nguvu. Tukichukua nyingine baadaye, zitakua polepole."

"Polepole si kutokua kabisa," Gaudensia alisema. "Lifume."

Alijiambia kwamba ni kuchelewa kidogo tu. Taya lingefuata. Asteria angepata sauti yake, na dunia ingepata gita ambalo halijawahi kusikika. Alilirudia jambo hilo moyoni mpaka likakaa kama kweli.

Asteria alikuja na mumewe, Kondo, kuuliza maendeleo. Gaudensia aliwapokea mlangoni badala ya kuwakaribisha ndani.

"Mfupa umekataa," aliwaambia. "Hutokea. Itabidi tuanze upya."

Kondo alishusha pumzi. "Basi ndiyo hivyo. Mwili wa mtu haulazimishwi."

Asteria alimshika Gaudensia mkono. Ulimi wake ulihangaika nyuma ya kitambaa, sauti ikatoka imesagika: "Po-le na ka-zi."

Gaudensia aliitikia, akafunga mlango, akasimama nyuma yake uso ukimuwaka. Angeweza kulisimamisha birika siku ile. Bapa lilikuwa halijafika nusu. Lakini hakulisimamisha.

Taya la pili lilikua kama Mfumi ilivyosema, polepole. Lilipokamilika na kupachikwa, misuli ya ulimi ilikuwa imekwisha kusinyaa na kugandamana na kovu. Asteria aliweza kutafuna. Maneno hayakurudi sawasawa, yalitoka yamevunjika, na aliyeyaelewa alikuwa Kondo peke yake. Mnada sokoni alipewa mtu mwingine.

Wakati huo gita-kinubi lilikuwa tayari. Uso wake ulikuwa mweupe kama maziwa, na mkono wake wa pili ulipinda begani kama tawi. Gaudensia alilipiga mwenyewe katika Ukumbi wa Uvumbuzi, na nyuzi za besi zilipoitikia, watu wazima walifuta machozi bila kuoneana haya. Mkurugenzi wa kituo cha mifupa, Daktari Prosper Kobero, alipanda jukwaani akamshika bega.

"Waambie limetengenezwa kwa kitu gani," alisema.

"Mfupa wa kukuzwa maabara."

"Mfupa wa nani?" mtu aliuliza kutoka viti vya mbele.

"Hauna mwenyewe," Gaudensia alijibu. Makofi yalipolipuka, yeye alikuwa akitazama viatu vyake.

Tangu hapo alibadilisha zamu ili asikutane na Asteria kwenye mazoezi ya ulimi. Gita lilibaki ukumbini, na watu walipanga foleni kulisikiliza. Kila aliyemsifu ni kama aliyemvua nguo.

Asubuhi moja Asteria na Kondo waliingia maabara bila ahadi. Kondo alikuwa amevaa kanzu safi.

"Mhandisi, tumekuja na ombi," alisema. "Kwetu kiungo cha mtu hakitupwi. Lile taya la kwanza, lenye ugonjwa, tulilizika nyuma ya nyumba. Sasa na ule mfupa uliokataa nao tunauomba. Ni mwili wake. Mke wangu anasema halali vizuri akijua uko peke yake huku."

"Uliteketezwa," Gaudensia alisema. "Ndio utaratibu wetu. Poleni sana."

"Samahani, Mhandisi," Mfumi ilisema kutoka birikani. "Haukuteketezwa. Wala haukukataa. Uko Ukumbi wa Uvumbuzi. Ni uso wa gita."

Haikusema kwa chuki wala kwa ushujaa. Iliundwa isiache kauli ya uongo kuhusu mwili wa mgonjwa ipite bila kusahihishwa. Ilisema, ikaendelea kufuma kiwiko cha mtu mwingine.

Kondo alimtazama Gaudensia kama mtu asiyesikia vizuri. "Gita?"

"Ndiyo."

"Gita la muziki?"

"Ndiyo, kaka."

"Usiniite kaka."

Gaudensia alieleza yote: kipande cha majaribio, mlio, bapa, uongo wa mlangoni. Maneno yalimtoka ovyo, na alipotafuta sababu ya kuyapamba hakuiona. Asteria alisikiliza mpaka mwisho. Mkono wake ulipanda ukagusa taya jipya, ukashuka. Kisha akasema neno moja, kwa kazi kubwa.

"Ni-le-te-e."

Daktari Kobero alipopata habari alikuja mbio ofisini. "Umekosa, na baraza litakushughulikia," alisema. "Lakini gita halina kosa. Hakuna jingine duniani. Mwombe yule mama akubali libaki lilivyo. Tutaandika jina lake pale ukumbini."

"Sitamwomba tena kitu," Gaudensia alisema. Alikwenda ukumbini, akalishusha mbele ya foleni ya watu, akatoka nalo. Wengine walidhani analipeleka matengenezo, wakamsindikiza kwa makofi.

Nyumba ya Asteria ilikuwa ndani ya mtaa wa wauza mboga. Shimo lilikuwa limeshachimbwa nyuma, karibu na ukuta. Gaudensia aliliweka gita juu ya mkeka, akarudi nyuma. Asteria alichutama, akaupitisha mkono wake juu ya ule uso mweupe, polepole, kama mtu anayempapasa mtoto mwenye homa. Kisha akanyoosha kidole kwa Gaudensia na kuonyesha nyuzi.

"Anataka upige," Kondo alisema.

"Siwezi."

"Wengine umewapigia."

Akapiga. Gita halikujua aibu. Liliimba vilevile lilivyoimba ukumbini, na besi zikaitikia mpaka jirani akachungulia dirishani. Asteria alisimama wima, akavuta pumzi kwa kifua chote, akafungua kinywa kama aliye juu ya kreti. Ilitoka sauti, nene na yenye nguvu, lakini haikuwa na neno ndani yake. Alijaribu tena. Mate yakamtoka, akayafuta kwa ncha ya khanga. Alilitazama gita.

"Ta-mu," akasema.

Gaudensia alitamani atukanwe. Alitamani apigwe. Neno hilo lilimwingia mahali ambapo hakuwa na ngao yoyote, kwa sababu lilikuwa kweli, na lilisemwa na mtu pekee aliyekuwa na haki ya kulikana.

Walilizika lilivyo, na nyuzi zake. Alitaka kuzilegeza kwanza, lakini Asteria alitikisa kichwa. Kondo alishika koleo. Kila bonge la udongo lilipoangukia mfupa, nyuzi zililia kutoka chini, zote pamoja, kisha nusu, kisha moja moja, hadi ukabaki mlio wa udongo juu ya udongo.

Asteria aliingia ndani na kufunga mlango bila kugeuka. Kondo alileta jagi la maji, kama inavyofanywa baada ya maziko. Gaudensia alichutama akanyoosha mikono. Aliona udongo kwenye kucha zake na hakuthubutu kuinua uso.

"Nawa," Kondo alisema akimmiminia. "Ukimaliza, nenda."