Samahani Juu ya Mnara

Corinne Pacheco alimkanyaga mtu katika kituo cha treni cha Union, Toronto, saa ya watu kutoka kazini, tena alimkanyaga kisawasawa, kwa kisigino cha buti jekundu alilolinunua mchana ule ule. Yule mtu akafumba macho kwa maumivu, kisha akasema, "Samahani."

"Nimekukanyaga mimi, bwana! Samahani ya nini?"

"Mguu wangu ulikuwa njiani."

Ndivyo walivyo watu wa Toronto. Neno hilo haliwatoki mdomoni. Hata wakijigonga mlangoni wataomba radhi. Corinne alizaliwa humo humo na halikuwahi kumshangaza, ila siku hiyo alicheka mpaka akamwaga kahawa. Mwanaume mwenyewe alikuwa mrefu, amevaa koti la kijani la mirabaraba, vumbi la saruji limemganda kwenye nyusi. Aliitwa Wendell Thorburn, na kazi yake ilikuwa kutoboa miamba kwenye mahandaki ya treni mpya.

Baridi ilipoingia walikuwa hawaachani. Corinne akitoka kwenye kliniki ya meno alikofanya kazi, cha kwanza ni simu.

"Umekula, mpenzi?"

"Samahani?"

"Nasema, umekula?"

"Nimelala? Nilale vipi na wewe hujafika?"

"Masikio yako umeyasahau handakini, wewe!"

"Nimewaachia panya wayachezee."

Corinne alicheka, hakujua kwamba mwenzake hatanii. Sikio la kushoto lilikuwa limekwisha kufa na la kulia lilikuwa njiani. Wendell alilificha jambo hilo kwa aibu. Baba yake aliziwika masikio kwa kazi ile ile, na Wendell alikua akimwona mama yake anapaza sauti mezani mpaka akachoka, akawa anakula kimya.

Sasa, Mnara wa CN, ule mrefu wa katikati ya jiji, wenyeji hawaupandi. Wanauona wakienda kununua maziwa, wanawaachia wageni. Wendell hakuwahi kuupanda maisha yake yote, kwa hiyo Corinne akampeleka siku yake ya kuzaliwa. Wiki nzima alikuwa akisafisha vifaa vya meno huku anayafanyia mazoezi maneno atakayomwambia.

Kwenye baraza la nje upepo wa ziwani ulikuwa unapiga kweli kweli. Corinne alisimama upande wa kushoto wa Wendell, ameshika wavu, macho ameyatupa ziwani kwa sababu aliogopa kumtazama.

"Wendell, nataka tuoane. Unasemaje?"

Wendell akainamisha kichwa, akatabasamu kwa wasiwasi. "Samahani, Corinne?"

Alikuwa anauliza, masikini. Lakini upepo uliipeperusha sauti yake, ikamfikia Corinne bila swali ndani yake. Na Corinne alijua jinsi watu wa kwao wanavyokataa: tabasamu dogo, kisha neno hilo hilo. Moyo ukampasuka. Akageuka mbio, akaingia kwenye lifti kabla Wendell hajaelewa kilichotokea.

Jioni ukaja ujumbe: "Ulisema nini pale juu?"

"Anajifanya hakusikia!" Corinne alisema peke yake huku analia. "Ananionea huruma mimi!" Akaizuia namba ile.

Mwaka ukapita, na zaidi. Jumamosi moja alikuwa kwenye foleni ya mkate wa nyama ya nguruwe katika soko la St. Lawrence alipokutana na Lorna, dada yake Wendell.

"Wendell hajambo?" aliuliza, akijitia hajali.

"Yupo. Tangu aziwike hatoki sana."

"Aziwike?"

"Kumbe hukujua? Hata mlipokuwa pamoja alikuwa anasikia nusu nusu. Anasema ulimwambia neno mnarani, akakuomba urudie, ukaondoka. Mpaka leo hajui ulisema nini."

Corinne alitoka kwenye foleni akijichukia. Akaifungulia ile namba, akaandika: "Njoo mnarani. Nitarudia."

Wendell alikuja na koti lile lile, sasa likimpwaya. Kwenye baraza Corinne akamshika uso kwa mikono miwili, aione midomo yake vizuri.

"Nilisema nataka tuoane. Nikadhani umekataa."

Macho ya Wendell yakajaa machozi. "Siku ile ningekubali kabla hujamaliza." Alisema kwa sauti kubwa mno, maana hakuweza tena kuipima.

"Basi kubali leo! Nakupenda. Nitajifunza lugha ya mikono, nitafanya lolote."

Wendell akaishika mikono yake, akaibusu mmoja baada ya mwingine, akaishusha taratibu.

"Lilinipita neno moja tu, ukaniacha mwaka mzima. Sasa yananipita yote, Corinne, kila siku. Utaondoka mara ngapi?"

"Siondoki tena!"

Upepo ulikuwa umemfunika Corinne midomo kwa nywele zake mwenyewe.

"Samahani, Corinne," Wendell akasema.

Corinne akadhani anauliza. Akazisukuma nywele haraka, akatamka polepole, "Siondoki tena."

"Nilikuelewa hata bila kuiona midomo," Wendell akasema. "Hii ni samahani ya kweli."

Akaelekea kwenye lifti bila kugeuka, akijua kwamba hata akiitwa hatasikia. Corinne alimwita hata hivyo. Mtalii mmoja, akirudi nyuma apige picha, akamkanyaga mguu.

"Samahani," akasema Corinne. Akalirudia neno hilo tena na tena, akiutazama mlango wa lifti uliokwisha kufungwa.