Shaba Iliyokosa Njia ya Kutoka

Karakana ya Fundi Mota ilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa bati. Ndani mlikuwa na meza ndefu, taa moja kali na mota zilizoungua. Zilikuwa mota za pampu, za feni na za mashine za kusaga. Zilikuja zikinuka moshi, zikatoka zikiunguruma vizuri.

Kazi waligawana. Fundi aling'oa waya ulioungua. Binti yake mkubwa alisuka waya mpya. Waya huo ni wa shaba, mwembamba kama uzi, na umepakwa rangi ya kuukinga. Ukiikwaruza rangi, mota itaungua tena. Binti hakuikwaruza. Wateja walimpenda wakampa jina la Mkono. Walichungulia mlangoni wakauliza, "Mkono yupo? Hayupo? Basi tutarudi." Fundi, ambaye ndiye aliyemfundisha kazi, alijitia hasikii.

Kisha mota zikaanza kurudi.

Ya kwanza ilirudishwa na mwenye duka la kufulia nguo. Aliibwaga mezani.

"Fundi, hii mmeisuka au mmeisokota?"

Fundi akaifungua. Waya ulipishana ovyo, na rangi ilikuwa imechubuka.

"Kazi ya nani hii?"

"Yangu," Mkono akasema.

"Ulikuwa unasinzia?"

"Sikusinzia, baba. Mkono hautulii."

Akaunyosha. Vidole vilicheza vyenyewe. Aliukamata kwa mkono wa pili, na huo wa pili nao ukacheza.

Baada ya hapo ulimi ukawa mzito. Alizungumza kama mtu mwenye chakula cha moto mdomoni. Mate yalimtoka bila yeye kujua. Hata tabia ikageuka. Siku moja alirusha koleo ukutani kwa sababu tu mdogo wake aliimba. Mdogo wake huyo aliitwa Kipaza, kwa sauti yake, na kuimba kwake kweli kulikuwa adhabu. Lakini Mkono hakuwa mtu wa kurusha vitu.

Watu wa mtaani hawakosi jibu. Walisema Mkono ameanza kuonja chupa. Mama yake alikana mbele za watu. Lakini binti alipolala, aliinama akamnusa mdomo. Alisikia harufu ya dawa ya meno tu. Aliona aibu, na hofu ikamzidi, maana sasa hakuwa hata na pombe ya kuilaumu.

Jirani yao alikuwa nesi wa kliniki ya macho. Alikuja kuchukua feni yake. Akamkuta Mkono akijaribu kumimina chai. Nusu iliingia kikombeni, nusu ikaenda mezani. Nesi hakucheka. Alimgeukia mama.

"Shoga, huyu aliwahi kuugua ini?"

"Zamani, akiwa shuleni. Macho yalikuwa ya manjano na tumbo likavimba. Akapona."

"Waliwaambia sababu?"

"Walisema ni homa ya manjano tu, basi."

"Kesho mleteni kwangu. Nataka apimwe macho."

Fundi akainua kichwa. "Shida iko mkononi, wewe unataka macho?"

"Ndiyo, Fundi. Nataka macho."

Kesho yake Mkono aliweka kidevu kwenye mashine ya kupimia macho. Daktari wa macho alichungulia kwa muda mrefu. Ukingoni mwa kile kioo cha mbele cha jicho palikuwa na pete ya rangi ya kahawia. Kwenye macho meusi pete hiyo ni ngumu kuiona bila mashine. Ilikuwepo kwenye macho yote mawili. Akampeleka kwa daktari wa magonjwa ya ubongo. Huko walipima damu na ini. Walimpa pia dumu la kukusanyia mkojo wa mchana na usiku mzima.

Majibu yalipotoka, wazazi waliitwa, na nesi akawasindikiza. Daktari akaanza kueleza: "Mwili wa binti yenu umejaa shaba. Iko kwenye ini, na imefika kwenye ubongo…"

Fundi alisikia neno shaba tu. Akasimama, akatoka. Mkewe alimwita, hakugeuka.

Alikwenda moja kwa moja karakanani. Akaishusha mitungo ya waya kutoka ukutani, akairundika mlangoni. Akampigia simu mnunuzi wa vyuma chakavu: "Njoo uchukue shaba yote. Bei utapanga wewe." Alikuwa amemweka mtoto mezani pale tangu akiwa mdogo. Yeye ndiye aliyemfundisha kuushika waya ule. Aliketi juu ya pampu akalia.

Nesi alimkuta hapo. Mama na Mkono walikuwa nyuma yake.

"Fundi, unahama?"

"Nimemuua mwanangu kwa shaba yangu, nesi. Usinitanie."

"Shaba yako haina kesi. Ungemsikiliza daktari hadi mwisho, ungejua. Sasa niambie jambo moja. Yale majengo yenye chumba cha chini ya ardhi, maji yakiingia hutolewaje?"

Fundi alifuta pua. "Kuna pampu ya kuyatoa."

"Ikiungua?"

"Maji yanajaa."

"Hata kama ni yale yale ya kila siku?"

"Hata yakiwa kidogo. Yataingia, hayatatoka. Mwisho yanapanda juu."

"Sasa umeueleza ugonjwa wa mwanao vizuri kuliko mimi. Sote tunakula shaba. Imo kwenye maharage, kwenye karanga, kwenye nyama. Mwili unaihitaji kidogo, na inayozidi, ini huitoa kupitia nyongo hadi chooni. Ini la Mkono halina uwezo huo tangu alipozaliwa. Shaba ilijaa kwenye ini kwanza, ndiyo yale macho ya manjano. Ilipokosa nafasi ikapanda ubongoni, ikaharibu sehemu inayoongoza mikono, ulimi na hata hasira. Unaitwa ugonjwa wa Wilson. Haukutokana na waya. Hauambukizi. Na hakuna aliyemroga."

"Umetoka wapi basi?"

"Kwenu ninyi wawili. Wewe una kasoro moja ndogo kwenye damu ya ukoo, na mama yao ana yake. Kila mmoja peke yake haumwi. Mtoto akirithi zote mbili, ndiyo haya. Hakuna mwenye kosa."

Mama akauliza kile alichokuwa anakiogopa. "Utamuua?"

"Ukiachwa, unaua. Ukitibiwa, unatibika, na hiyo ni bahati. Magonjwa mengi ya kutetemeka hayatokani na shaba, na hayana dawa ya namna hii. Yeye ana dawa inayoishika shaba na kuitoa kwa mkojo. Ataimeza kabla ya kula, kila siku, maisha yake yote. Kwa sasa asile maini, karanga, uyoga, chokoleti wala kaa na kamba."

"Mikono yangu itarudi?" Mkono akauliza. Maneno yalitoka kwa shida, lakini wote walimwelewa.

Nesi hakumdanganya. "Itarudi kiasi, polepole. Yote sijui. Tumechelewa kidogo."

Mnunuzi wa vyuma chakavu alipofika, Fundi alimwambia arudi alikotoka. Maneno yaliyosemwa hapo hayaandikiki.

Majuma ya kwanza ya dawa hali ikawa mbaya zaidi. Mkono hakuweza hata kushika kijiko. Fundi akasema, "Dawa gani hii? Iache!" Mkewe hakubishana naye. Alimchukua binti akampeleka kliniki. Daktari alisema jambo hilo huwapata baadhi ya wagonjwa shaba inapoanza kutikiswa. Alipunguza kipimo cha dawa ili akipandishe taratibu. "Likitokea la kutokea, njooni," alisema. "Msiache dawa wenyewe." Miezi ilipita. Kijiko kikatulia, halafu kikombe. Sentensi zake zikaanza kueleweka hata kwenye simu.

Ilibaki habari ya Kipaza. Daktari alikuwa amesema ndugu wa mgonjwa lazima wapimwe, hata kama ni wazima, maana kila mmoja ana nafasi moja kati ya nne ya kuwa na ugonjwa huo.

"Mimi?" Kipaza alipaza sauti. "Nakimbia, nala, nalala, naimba!"

"Kuimba ndiko kunakotutia wasiwasi," Fundi akasema.

Alipimwa huku akinuna. Majibu yalikuwa yale yale. Ini lake lilikuwa limeanza kujaa shaba, kimya kimya, bila dalili yoyote. Ubongo ulikuwa haujaguswa. Alipewa vidonge vya madini ya zinki, vya kuizuia shaba ya chakula isiingie mwilini. Navyo ni vya maisha.

Mkono alirudi karakanani, lakini si kwa kusuka waya mwembamba. Waya huo sasa ulikuwa kazi ya Kipaza. Mkono alikaa kando yake akimfundisha.

Asubuhi moja Kipaza alisukuma vidonge mbali. "Nimechoka navyo. Siumwi popote. Nameza vya nini?"

Fundi alifungua mdomo. Mkono akamwashiria anyamaze. Akaunyosha mkono wake wa kulia chini ya taa, juu ya meza.

"Weka wako hapa."

Kipaza akauweka. Mikono ilifanana, vidole virefu, kucha zenye madoa ya vanishi ya kupaka mota. Wa dada mtu ulitetemeka kidogo. Hautatulia zaidi ya hapo, daktari alishasema. Wa mdogo mtu ulitulia tuli.

"Mimi walinikuta nimechelewa," Mkono akasema. "Wewe wamekuwahi."

Kipaza aliitazama mikono ile miwili. Akavuta vidonge, akameza, akanywa maji yote ya kikombe.

"Haya," Mkono akasema. "Shika waya. Usiikwaruze rangi."