King'ora Kilichomponza Bakari

Nina miaka arobaini na mmoja, ni fundi umeme wa magari hapa mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, na nimechoka. Siyo uchovu wa kazi, ndugu wasomaji. Nimechoka kulibeba hili jambo peke yangu...

Mwaka jana meneja wa shirika moja alitaka gari lake lifungwe king'ora. Si mnajua hali ilivyo? Unaegesha Kariakoo, ukirudi betri haipo! Kazi yenyewe ni rahisi: boneti ikifunguliwa, swichi iliyo chini yake inaachia, king'ora kinalia. Tatizo vipuri. Swichi niliyoipata ilikuwa fupi, boneti haiifikii. Basi nikafanya tunavyofanya mafundi wote siku hizi. Nikakata kipande cha ndala kuukuu, nikakigundisha ndani ya boneti ili kiikandamize. Meneja nikamwambia nimeweka kila kitu kipya. Fundi gani anapenda kukiri kwamba ameungaunga?

Aliyeniletea kazi hiyo ni dereva wake, Bakari, mtu wa Newala, rafiki yangu tangu tulipokuwa tunalala chumba kimoja, hatuna hata jiko.

Haikupita wiki, balaa likaanza. Bakari akiegesha tu na kupiga hatua mbili, king'ora hicho! Sokoni, Upanga, kila mahali. Siku moja watu walimzingira wakidhani ni mwizi. Akaniletea gari. Nikakagua fyuzi, nikakagua swichi za milango, nikafumua nyaya zote na kuzifunga upya. Gari likashinda kivulini kwangu kutwa nzima, kimya. Likirudi kazini, linalia! Akalileta mara ya pili, ya tatu, ya nne... Mafundi wenzangu wakaanza kunicheka, nami nikaanza kumchukia Bakari kila nikimwona anakata kona kuja kwangu. Mungu anisamehe.

Meneja naye akawa na lake moyoni. Mbona kinalia dereva akiwa peke yake na gari? Au anafungua boneti abadilishe betri, ile nzuri aiuze? Akaniita ofisini. Bakari alikuwa amesimama palepale, kofia mkononi. Meneja akaniuliza kama king'ora kina ubovu wowote.

Ningesema sijui. Ndiyo ilikuwa kweli yangu yote.

"Ni kizima, Ndugu Meneja," nikasema. "Kikilia, ujue boneti imefunguliwa."

Bakari aliniangalia tu.

Siku hiyohiyo alifukuzwa, akanyang'anywa na kitambulisho cha kazi. Na katika jiji hili, mtu asiye na kitambulisho cha kazi anaishije? Wiki ya tatu alikamatwa Mnazi Mmoja akitafuta kibarua. Askari wa msako wa wasio na kazi wakampandisha kwenye lori pamoja na walioitwa wazururaji, wakawapeleka kijiji cha mbali kulima. Bakari mzururaji! Mkewe Zuhura alibaki mjini, mimba ya miezi saba, chumba cha kupanga.

Halafu dereva mpya naye akaja kwangu. Gari linalia! Huyu alinifikia moja kwa moja kutoka safari ndefu, injini ikiwa ya moto. Nikafungua boneti palepale... Ndala ilikuwa imelainika kwa joto, imebonyea, haiikandamizi swichi tena. Siku zote nilikuwa nalikagua gari likiwa limepoa, ndala imekaza, kila kitu kizuri. Nilifumua kila waya, nikaacha kugusa kiraka changu mwenyewe. Nikakaa chini kwenye oili.

Nilikwenda kwa meneja nikamweleza yote. Akasema amenisikia, lakini nafasi imeshajazwa na faili limeshafungwa. Nikaenda kwa Zuhura, ambaye alikuwa ameshajifungua. Nilitegemea anitukane, na ningeshukuru. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akinyonyesha.

"Shemeji," akasema, "ungesema tu hujui."

Nilijifunika uso nikalia mbele yake kama mtoto. Tangu hapo naandika barua huku na kule ili Bakari aruhusiwe kurudi. Majibu hakuna.

Wewe unayesoma, uwe fundi, karani au jirani tu: ukiulizwa jambo usilolijua, na riziki ya mtu iko hapo mezani, sema hujui. Utaonekana hafifu siku moja, basi. Mimi niliiogopa hiyo siku moja... Sasa mtoto wa Bakari ana miezi minne, na baba yake hajawahi kumbeba.